Kandambili za Selemani

Mwanangu Zena,

Mama yako yuko chumbani anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Namsikia akitoa kitu, akikirudisha, akikitoa tena. Ameficha ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, katikati ya masweta na ameniapisha nisikwambie, basi sijakwambia. Mambo ya baridi, ya chakula, ya kupiga simu kila Ijumaa, hayo yote ni ya kwake na ameshayaanza tangu mwezi uliopita. Mimi sitayarudia. Nimekaa uani kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, swala ya alasiri imekwisha, na ninaandika kwenye karatasi za daftari lako la zamani la hesabu, maana katika nyumba hii nzima sikupata karatasi nyingine. Nataka kukuambia jambo moja tu. Najua nitazunguka sana kabla sijalifikia, lakini unanijua, nivumilie.

Barua nitaiweka kwenye mfuko wa nje wa begi lako la mkononi. Usiisome uwanjani mbele yetu. Isome ukishakaa kwenye ndege na kufunga mkanda, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kuniuliza. Ndiyo, ni woga. Baba yako ni mwoga, na hilo pia limo katika barua hii.

Juma lililopita ulinishikisha simu yako ukanionyesha michoro ya kazi unayokwenda kuifanya Ubelgiji. Mahandaki ya metro, treni zinazopita chini ya mji, yaliyochimbwa wakati mimi natambaa, na sasa kuta zake zinavuja na zege linamomonyoka. Ulinieleza jinsi wanavyofunga kipande kimoja kimoja, wanavyowashusha abiria na kuwapandisha mabasi ya kuzungukia, na jinsi abiria wanavyokasirika kila asubuhi. Kisha ukasema kazi yako wewe itakuwa kukagua kipande kilichokwisha tengenezwa, na kutia saini kwamba njia inaweza kurudishwa kwa watu. Ulilisema neno hilo la saini kwa furaha, kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba. Mimi nikakutania kwamba Bujumbura haina treni hata ya juu, sembuse ya chini, lakini baba yako naye aliwahi kurudisha njia kwa watu, na saini yake ilikuwa filimbi.

Ukaniuliza, "Sasa baba, we ulikuwa unajuaje kama wote wametoka chini?"

Nikakujibu kwamba nilikuwa nahesabu kandambili. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Ukasema hiyo utawasimulia wenzako kule siku ya kwanza kazini. Nami nikacheka pamoja nawe. Sitaki uibebe hadithi ile kama ulivyoipata. Ni nusu ya hadithi, na nusu niliyokuficha ndiyo yenye mtu ndani yake.

Ulikuwa na miaka kumi. Barabara unaijua, ile inayotoka mjini ikapita ubavuni mwa soko la Jabe kuelekea kusini. Chini yake kuna mfereji wa mawe wa tangu ukoloni, wenye dari la mviringo, mrefu kiasi cha mtu kutembea ameinama. Kazi yake ni kupeleka maji ya mvua mtoni. Watu walipita juu yake maisha yao yote bila kujua kwamba upo, mpaka lami ikaanza kubonyea na lori moja la bia likazamisha gurudumu la nyuma. Ndipo kampuni moja ikapewa kazi ya kuutengeneza upya, nami nikawa msimamizi wa zamu ya mchana. Nilijiona mkubwa. Nilivaa kofia ngumu ya njano hata nikija kula nyumbani, na mama yako alikuwa akiniuliza kama dari letu nalo linataka kuanguka.

Kazi ilikwenda hivi. Kila mara tulishika kipande cha hatua kama thelathini. Chini, mafundi walisimamisha magogo ya mikaratusi kushikilia dari la zamani, wakabomoa ukuta uliooza na kujenga mwingine. Mchana kutwa kipande hicho kilifungwa juu yake. Magari na watu walizungushwa kwa njia ya mbali, tukaiita deviasyo, na mtu wa miguu mwenye mzigo ilimla karibu dakika arobaini zaidi. Jioni, mafundi wakishapanda na magogo yakishakazwa kwa kabari, nilipuliza filimbi, tukaondoa kizuizi, na watu wa miguu wakapita juu ya mbao tulizozitandika. Alfajiri tulifunga tena.

Mafundi walishuka na mabuti ya mpira. Kandambili zao walizivua kwenye mdomo wa shimo na kuzipanga mstari, kama mlangoni mwa msikiti. Hakuna aliyewaagiza, ilitokea tu. Aliyepanda alivua mabuti, akavaa kandambili zake, akaenda zake. Kandambili zikiisha pale mdomoni, hakuna mtu chini. Kampuni ilinipa daftari la kuandika kila anayeshuka na kila anayepanda, nami nililikalia. Kweli kabisa, nililitumia kama mto kwenye tofali langu la kukalia. Niliona macho yangu yananitosha, na kumwambia mtu mzima mwenye ndevu aje kuandika jina lake kila saa niliona ni kumdharau.

Sasa nikwambie kuhusu watu wa juu, kwa sababu wewe utakuwa nao kila siku. Mwanzoni niliwachukia. Walinipigia kelele mimi, wala si kampuni, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama pale. Kulikuwa na mama mmoja muuza nyanya kutoka Kanyosha ambaye alipita na beseni lake asubuhi na jioni, na kila akinikuta ameshapandwa na hasira. Ili nipate amani nilianza kuwaambia uongo. Kipande hiki kinakwisha kesho. Kesho njia itafunguliwa saa kumi. Nilijua haiwezekani, lakini mtu akiambiwa kesho anaondoka, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Siku moja yule mama akaniwekea beseni mbele ya miguu, akaniita chef kama wanavyoitwa wasimamizi wote, akasema taratibu, bila kupaza sauti, "We chef, kila siku unasema kesho. Hiyo kesho yako inakaaka wapi?" Watu wakacheka. Mimi niliona aibu, na tangu siku ile nikawa na deni moyoni kwa wale watu. Nilitaka siku moja niwafungulie mapema, nionekane mtu mwema.

Zena, yale ya kwanza kabisa niliyoyakosea yalikuwa hapo, katika ile kesho ya uongo. Kama ningewaambia ukweli kwamba ni wiki tatu, wangenitukana wiki tatu kisha tungeishia hapo. Lakini nilijitengenezea haja ya kupendwa, na mtu mwenye haja hiyo asishike filimbi.

Selemani ulimwita baba mdogo ingawa hatukuwa damu moja. Tulikulia mlango kwa mlango, tukajifunza uashi kwa fundi mmoja, tukaoa mwaka mmoja. Utamkumbuka kwa ile chupa. Alijaza maji kwenye chupa ndogo ya dawa, akaacha kiputo kimoja cha hewa ndani, akailaza juu ya meza na kukufundisha kuangalia kama meza imenyooka. Ulipima nyumba nzima kwa siku mbili. Ulimpima hata paka. Nilipokuwa nakutazama ukipokea shahada yako nilimfikiria yeye, na ukaniona nikilia ukadhani ni furaha. Furaha ilikuwemo pia.

Siku yenyewe ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Joto lilikuwa kali na wote tulikuwa tumefunga, hata wenzetu Wakristo wa pale kazini walikuwa wakila kwa kujificha kwa ajili ya kutuheshimu. Saa kumi na moja jioni mafundi walianza kupanda. Watu walishajazana nyuma ya kizuizi, wafanyakazi wa ofisini, akina mama wa sokoni, wanafunzi, kila mmoja anataka kufika nyumbani kabla ya magharibi. Mwezi ule kila mtu alikuwa anawahi futari, hata asiyefunga alikuwa na jirani wa kumngoja. Yule mama wa nyanya alikuwa mbele kabisa, ametua beseni lake. Siku hiyo alikuwa kimya, amechoka, na ukimya wake ulinisukuma kuliko kelele zake zote.

Selemani alikuwa ameshapanda na wenzake. Akasimama mdomoni mwa shimo, akafikiri kidogo, akaniambia, "Chef, mi nashuka tena kidogo. Iko kabari mbili zenye sijapiga. Napiga, napanda, tunaenda kufutari." Aliniita chef kwa utani, tangu siku nilipopewa ile kofia. Nikamwambia sawa, fanya haraka. Neno la mwisho nililomwambia rafiki yangu lilikuwa hilo.

Nami nikaona nitumie dakika hizo kutia udhu, nikimaliza kazi niwe tayari kwa swala. Nikaenda kwenye bomba lililokuwa nyuma ya duka la mabati. Palikuwa na foleni. Nikangoja, nikanawa, nikasukutua kwa uangalifu nisimeze maji, nikarudi. Kichwa kilikuwa chepesi kwa njaa. Niliporudi, watu walikuwa wamesogea mpaka wanakigusa kizuizi, na mzee mmoja akaniomba kwa upole, kwa jina la mwezi ule, nisiwakawize. Nikatupa macho mdomoni mwa shimo. Hapakuwa na kandambili. Moyo wangu ukasema Selemani ameshapanda, amepiga kabari zake, ametangulia nyumbani. Wala sikuita. Ilikuwa hatua nane kutoka niliposimama hadi pale shimoni, ningeinama na kuita jina lake mara moja tu. Nikapuliza filimbi.

Walipita kwa pamoja, wengi kuliko siku yoyote. Nilisimama kando nikiwapungia mkono, nikapokea shukrani zao. Yule mama wa nyanya akanitazama, akaniambia, "Leo umekuwa mutu, chef." Nakumbuka nilivyofurahi. Kisha nikasikia chini gogo likiteleza, sauti kavu, na dari lile la mawe likashuka pamoja na mbao na watu.

Walioanguka kutoka juu walitoka. Watatu walivunjika miguu, beseni la nyanya lilimwagika lote, lakini hakuna aliyekufa kati yao, alhamdulillahi. Tulikuwa tukiwavuta, mtu akapiga kelele kwamba anaona mkono chini zaidi. Nikaruka ndani nikaanza kuondoa mawe kwa vidole. Jiwe moja likaniponda dole gumba la mguu. Nikashangaa, maana nilikuwa na mabuti. Nikatazama chini. Sikuwa na mabuti. Nilikuwa nimevaa kandambili za bluu, na ya kulia kamba yake ilikuwa imeshonwa kwa waya.

Mwanangu, umekulia mtaani kwetu, huhitaji kuelezwa. Msikitini mtu huingiza miguu kwenye kandambili yoyote iliyo karibu, akaenda bombani, akarudi kuiweka, na hakuna anayemwita mwizi. Miguu yangu imefanya hivyo tangu utoto. Pale shimoni nilivua mabuti yenye tope, na pea iliyokuwa mbele yangu ilikuwa moja tu, ya mtu aliyeshuka dakika ile ile. Nikaivaa nikaenda kutia udhu. Nikarudi nayo miguuni, nikatazama mahali ilipokuwa, nikaona hapana kitu. Alama ya kwamba Selemani yuko chini niliivaa mimi mwenyewe.

Ningeweza kuishia hapa na ungenisamehe, najua. Kosa la miguu halina nia mbaya. Lakini barua hii naiandika kwa sababu ya yaliyofuata. Wakati wengine wanamfukua, mimi nilitoka shimoni, nikavua zile kandambili, nikazitia kwenye mfuko wangu wa kazi na kuvaa mabuti yangu. Mikono yangu haikukosea hata kifundo kimoja cha kamba zake. Hilo nalo nalikumbuka kila siku.

Walipokuja wakubwa kuuliza, walitaka kujua imekuwaje nikafungua na mtu yuko chini. Nikawaambia utaratibu wetu, kwamba kila anayeshuka anaacha kandambili zake, na kwamba nilipotazama hazikuwepo. Kila neno lilikuwa kweli. Hawakuniuliza miguu yangu ilivaa nini. Wakaandika kwamba marehemu hakufuata utaratibu, na mafundi wenzake wakasema hawakumwona akishuka mara ya pili. Nami nilikuwa nimemwona, tena niliongea naye, na nikanyamaza.

Kisha maneno ya mtaani yakaanza, ambayo wewe tulikuficha kwa utoto wako. Walipomtoa, mfukoni mwa shati walimkuta na kipande cha chapati na tende tatu. Sote tulikuwa na vitu kama hivyo mifukoni, ili adhana ikitukuta njiani tufungue. Lakini watu waliunganisha. Mtu ameshuka peke yake, hakuacha kandambili, ana chapati, mchana wa Ramadhani. Wakasema alishuka kujificha ale. Maziko yake yalikuwa na watu wachache, na hata hao walikuwa wakinong'ona. Nililibeba jeneza lake mbele kabisa, bega la kulia. Wote waliniona rafiki mwema kwa kumbeba mtu wa namna ile.

Baada ya arubaini, mke wake, Mama Rehema, alikuja hapa nyumbani. Wewe ulimfungulia mlango. Alikaa kwenye mkeka akasema, "Shemeji, naomba uniambie kitu moya tu. Yeye alikuwa mutu wa kufuata sheria. Juu ya nini hakuacha kandambili?"

Nikamwambia, "Sijui, shemeji."

Hilo ndilo kosa langu, Zena. Lile la shimoni lilinitokea nikiwa na njaa na watu wananisukuma. Hili nililitenda nimekaa, nimeshiba, nimepumzika, mbele ya mwanamke anayeomba kitu kimoja tu, na kandambili zenyewe zikiwa juu ya kabati hatua tatu kutoka alipokaa.

Sasa utaelewa mambo mengi. Utaelewa kwa nini niliacha kazi za barabara nikabaki kujenga majiko na kuta za vyoo. Utaelewa ile siku nilipokufokea mpaka ukajikojolea kwa sababu ulikwenda dukani na kandambili za mama yako. Ulikuwa mtoto, ulifanya kile watoto wote hufanya, nami nilikuvua zile kandambili kwa nguvu nikazitupa juu ya paa. Hukuniuliza sababu. Baadaye ulianza kutembea peku ndani ya nyumba, miezi mingi, na mimi nikakuacha. Nisamehe hilo. Kati ya yote, hilo angalau naweza kukuomba msamaha wewe.

Na Rehema unaijua habari yake. Ule uchumba wake uliovunjika, ukiwa mwaka wa kwanza chuoni, watu walisema familia ya mwanamume ilibadili mawazo. Walibadili kwa sababu mtu aliwaambia huyu ni binti wa yule aliyefia chini akila mchana. Nilisikia hilo kwa kinyozi, nikiwa nimefunikwa shuka shingoni. Nikamwacha kinyozi amalize, nikalipa, nikatoka. Ningeweza kusimama pale na shuka yangu na kusema neno moja. Miaka ilikuwa imeshakuwa mingi, nikajidanganya kwamba muda umeshapita.

Leo adhuhuri Mama Rehema alikuja kukuaga. Ulikuwa umeenda Gihosha kuwaaga wajomba zako, kwa hiyo hukumkuta, na ile kanga uliyoikuta kitandani ni ya kwake. Alikuachia ujumbe nikufikishie. Nakufikishia kama alivyousema. "Mwambie Zena, kule anaenda kufanya kazi ya chini ya udongo, afuate sheria. Asiharakishe kama mume wangu. Yeye alituacha juu ya kuharakisha." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesema jina la mtaa wake. Ameshaamini, Zena. Miaka kumi na tano nimemwacha amlaumu mumewe mpaka lawama ikawa kitu anachoweza kumpa mtoto wa mwenzake kama usia. Alipoondoka nililia nikiwa nimesimama mlangoni, na mama yako akanikuta.

Nikamwambia yote. Alikuwa ameshika pasi, anakunyooshea lile shati jeupe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mi nakaa na yule mwanamuke ku mukeka moya, nakula naye, nalia naye. Na we ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akarudi kunyoosha mkono ule ule wa shati kwa muda mrefu sana. Baadaye akasema, "Kesho tukitoka uwanjani utaenda kwake. We mwenyewe. Mi sitakusindikiza." Tangu hapo hajasema nami, anapanga begi lako. Kama uliona hatukukaa kiti kimoja ndani ya taksi, usidhani ilikuwa huzuni ya safari tu.

Ulitaka ushauri wa kazi na mimi nimekupa haya. Sina mwingine mkubwa. Huko mtakuwa na mashine na taa na karatasi zenye mihuri, na hakuna atakayehesabu kandambili. Lakini utasimama mahali nilipokuwa mimi, watu mbele yako wamechoka, wanataka kwenda nyumbani, na mtu mmoja atakuomba kwa upole. Hao wa kelele ni rahisi. Yule wa upole ndiye mgumu, kwa sababu unataka kumpa. Siku hiyo piga hatua nane, inama, uite jina. Ngoja mpaka usikie sauti ya mtu ikikujibu. Kama ukichelewesha mji mzima kwa sababu ya hatua hizo, uchelewe, na uwaambie ukweli kwamba umechelewa.

Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza kusema ni kama kutoa mwiba. Kesho yake tayari ni kukata nyama. Mimi nilingoja mpaka ikawa mguu mzima.

Sijui nini kitanipata. Watoto wa Selemani ni wakubwa sasa, na wana haki ya kunifanya watakalo. Mtaa utageuka. Huenda ukipiga simu Ijumaa utakuta mama yako peke yake ndiye anayepokea. Usirudi kwa ajili hiyo. Usiache kazi yako. Ulifundishwa kupima meza na fundi mzuri, na saini yako iwe ya kwake.

Zile kandambili ninazo hapa, chini ya kiti. Leo nimezishusha kutoka juu ya kabati, nimezifuta vumbi, waya wa kamba ya kulia umeshika kutu lakini bado unashika. Kesho ndege yako ikishapaa nitashuka nazo mpaka Jabe, kwa miguu. Nitavua viatu vyangu mlangoni kwa Mama Rehema na kuzipanga za mumewe kando ya vyangu, kisha nibishe hodi. Alipoketi kwenye mkeka wetu aliniuliza swali moja, na jibu lake nimelilalia miaka yote hii. Nitamwambia aliziacha. Aliziacha, shemeji, mahali pake, kama siku zote.

Baba yako,
Hamadi